Kamera ya daraja la kati inatosha kazi za kulipwa Dodoma: tuongee mwanga, vumbi, kadi na chapa

Zabibu Chungu

Mbukwenyi wakuu,

Ubishi wa Canon na Nikon tuuache nje ya uzi huu. Uzi huu ni wa mtu ambaye kamera anayo tayari, ya daraja la kati, na anataka imlipe hapa Dodoma kwenye harusi, sendofu, kipaimara, mahafali na warsha za maofisini. Daraja la kati hapa ni Canon 80D, Nikon D7200, D7500 na wenzao, yaani sensa ya APS-C (ndogo kuliko fulufremu), megapikseli 20 hadi 24, bodi yenye vitufe vya kutosha na shata inayofika 1/8000.

Bodi hizi ubora zinao. Faili la pikseli 6000 kwa 4000 linatoa chapa ya inchi 20 kwa 30 kwa pikseli 200 kila inchi, na sijui ni sebule gani ya Kisasa au Area D inayotaka picha kubwa kuliko hiyo. Kazi inaharibika kwingine, na kwa hapa kwetu inaanza kuharibika kwenye jua.

Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Jua la mchana linapita utosini, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linasimama wima kabisa. Halafu saa zetu zinafuata mstari ulio mashariki yetu, kwa hiyo kilele cha jua si saa sita kamili, ni kama saa sita na nusu. Maana yake harusi inayotoka kanisani saa nane bado iko kwenye jua baya: macho ni mashimo meusi, pua inatupa kivuli mdomoni, gauni limeungua, limebaki weupe mtupu. Mwanga mzuri unaanza saa kumi na moja, na jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kutegemea mwezi. Kamati ikikupa ratiba ya maharusi kupiga picha saa nane na nusu, pigania isogezwe kabla ya siku yenyewe. Siku hiyo hutasikilizwa.

Ikishindikana, piga hesabu ya flashi. Jua kali, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, shata 1/250 ambayo ndiyo mwisho wa sinki ya kawaida kwa bodi hizi, yaani kasi ya juu ambayo flashi bado inaangaza fremu nzima, apecha (tundu la lenzi) inayokaa sawa ni f/10 hivi. Boksi la flashi limeandikwa namba ya nguvu 60, lakini hiyo imepimwa kichwa kikiwa kwenye zumu ya 200mm. Ukikirudisha 35mm unabaki na 36 hivi. Gawanya 36 kwa 10: mita 3.6, nguvu kamili, bila kitu chochote mbele ya flashi. Ukiweka mwavuli unapoteza kama stopu mbili (kila stopu ni nusu ya mwanga), unabaki na mita 1.8. Kwa bi harusi peke yake, nusu mwili, sawa. Kwa wasimamizi na wapambe wanane hapana.

HSS, yaani flashi kuwaka kwa shata ya kasi kupita sinki, nayo watu wanaielewa kinyume. Haiongezi nguvu, inapunguza, kama stopu mbili nyingine. Faida yake ni kukuruhusu kufungua apecha ili nyuma pawe laini, basi. Kama unataka f/2.8 juani na flashi moja ndogo, kichujio cha ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) cha stopu tatu mpaka nne na shata 1/250 kinakupa nguvu zaidi kuliko HSS.

Dawa ya kundi kubwa ni kivuli. Baada ya mchana, upande wa mashariki wa jengo lolote una kivuli. Wapange humo, wageuze nyuso kwenye anga wazi, na angalia sakafu: sementi nyeupe yenye jua mbele yao inarudisha mwanga usoni bure. Udongo wetu mwekundu nao unarudisha mwanga, ila unaurudisha na wekundu wake, na utauona chini ya kidevu na kwenye gauni.

Mengine shusheni nyie.

Fundi Shata

Mkuu nondo nzuri. Mimi naanzia kwenye bodi yenyewe kwa sababu wengi wanachukua mtumba.

Shata ya 80D imekadiriwa mapigo 100,000, D7200 na D7500 150,000. Hiyo si tarehe ya kufa, ni kipimo cha kiwanda tu. Kwa Nikon hesabu imo ndani ya faili la picha, piga moja na uisome kwenye kompyuta. Kwa 80D haimo kwenye picha, unahitaji waya wa USB na programu. Muuzaji wa Kariakoo akikuonyesha namba ya Canon kwenye simu yake akidai kaitoa kwenye JPEG, tabasamu uondoke.

Kabla hujalipa, geuza kamera kwenye anga tupu na piga kwa 1/8000. Upande mmoja wa picha ukiwa mweusi kuliko mwingine, mapazia ya shata yamechoka, yanakimbia kwa kasi tofauti. Kisha piga f/16 fokasi ikiwa imeharibiwa makusudi: madoa yanayokaa pale pale kila picha ni vumbi la sensa, linasafishika, lakini mstari mwembamba usioondoka hata baada ya kusafisha ni mkwaruzo. Weka flashi juu na uitikise kidogo ikiwa imewashwa. Ikikatakata, kiatu cha flashi kimelegea, na kwenye ukumbi utalia.

Kwa Canon, Err 01 mara nyingi ni mguso kati ya lenzi na bodi. Futa vile vidoti vya dhahabu kwa kitambaa safi chenye spiriti kidogo na jaribu lenzi nyingine. Err 30 ni shata. Hiyo usijifariji nayo.

Fokasi ipime na 50mm f/1.8. Laza rula kwa nyuzi 45, lenga namba moja kupitia kitundu cha kutazamia, halafu rudia kwa kioo cha nyuma. Kama cha nyuma ni kikali na cha juu kinakosea kila mara upande ule ule, 80D, D7200 na D7500 zote zina marekebisho ya fokasi kwenye menyu. Kama inakosea mara mbele mara nyuma, hilo si la menyu.

Mtoto wa Kibaigwa

Turubai la bluu mmelisahau. Nusu ya sendofu za huku ziko chini yake na sura zinatoka kama za walioagwa.

Taa Pembeni

Turubai ni somo zima, ngoja nilishushe.

Kinachotokea ni hiki. Mwanga wa juu unapita kwenye kitambaa cha bluu, unakuwa bluu. Mwanga wa pembeni unaingia mweupe. Uso mmoja una rangi mbili, na waiti balansi (mpangilio wa kamera wa kusawazisha rangi ya mwanga) inarekebisha moja tu. Ukiondoa bluu, upande wa pembeni unakuwa chungwa. Kijani ni kibaya zaidi kwa sababu ngozi ya mtu haina kijani, jicho linakataa haraka. La njano linasameheka. Nyeupe ni zawadi, hilo ni softiboksi la mita kumi, shukuru na upige.

Kwa bluu na kijani fanya flashi iwe ndiyo mwanga mkuu na turubai liwe nyuma yake. Anza na ISO 400, 1/200, f/5.6, zima flashi, piga. Picha ikitoka nyeusi kabisa au karibu yake, umefaulu: mwanga wa turubai uko stopu mbili au zaidi chini. Ikitoka inaonekana vizuri, shusha ISO hadi 200. Ndipo uwashe flashi, iwe pembeni kwenye stendi na mwavuli mweupe, mita 2 mpaka 2.5 kutoka kwa mtu, nguvu nusu au robo. Waiti balansi weka ya flashi, usiweke ya kujichagua yenyewe, maana itahangaika picha kwa picha na utahariri mpaka asubuhi.

Usipige flashi juu kwenye turubai ukitegemea irudi chini. Itarudi bluu.

Zabibu Chungu

Naongeza: kama wahusika wanahamishika, wasogeze mpaka ukingo wa turubai, mita moja ndani, waangalie nje. Mwanga wa nje unawashinda wa juu bila flashi. Picha za meza kuu ndizo huwezi kuhamisha.

Joho Jeusi

Mahafali. UDOM, St. John's, vyuo vya kati, shule, msimu ukija kila mtu anataka picha saa ile ile.

Kofia ya bapa inatupa kivuli mpaka kwenye mashavu, na jua la hapa linaongeza ubaya. Mwambie mhitimu arudishe kofia nyuma vidole viwili, bapa lionekane limekaa sawa kwa aliye mbele, na ainue kidevu kidogo tu. Jua liwe nyuma ya bega lake. Flashi ya juu ya kamera iwe imeshushwa stopu 1 mpaka 1 na theluthi, inajaza macho bila kumfanya aonekane amepigwa tochi.

Joho jeusi likijaza fremu, kamera inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, uso unaungua kwenye paji. Shusha theluthi mbili. Gauni jeupe la harusi ni kinyume chake, pandisha theluthi mbili hadi stopu nzima. Ngozi nyeusi sana ukiipima kwa kipimo cha doa, iache chini ya katikati kwa stopu moja hivi, vinginevyo unamchubua mtu bila idhini yake. Ila njia ya kweli ni kuacha kubahatisha: weka kila kitu kwa mkono, mahali pamoja, weka alama chini ya mtu asimame wapi na wewe unasimama wapi, na usiguse tena mpaka jua lihame.

Lenzi ya 50mm kwenye sensa hizi inakuwa kama 80mm kwa Canon na 75mm kwa Nikon. Kwa mtu mmoja ni tamu. Ukiipiga f/1.8 mita 2, kina cha ukali ni sentimita 11 hivi, yaani mhitimu mkali na mama yake aliyesimama nusu hatua nyuma kayeyuka. Watu wawili nenda f/4, unapata kama sentimita 24. Familia ya watu kumi na tano kwa safu mbili, 35mm, mita 5, f/5.6, huhitaji hofu.

Kabla ya kila familia piga picha ya karatasi yenye namba ya oda. Inagawa folda zako yenyewe jioni. Usiandike namba za simu za watu kwenye karatasi hiyo, tumia namba ya stakabadhi.

Karatasi Ngumu

Na mkishapiga mnaniletea mimi nichape, halafu lawama zote za mchapaji. Sikilizeni.

Kamera yenu inatoa uwiano wa 3 kwa 2. Huo unaingia sawasawa kwenye 4x6 na 8x12. Mteja anataka 8x10 kwa sababu ndiyo fremu aliyoikuta dukani, na 8x10 inakata sehemu ya sita ya urefu wa picha. Kwenye picha ya ukoo iliyojazwa mpaka ukingoni, sehemu ya sita ni shangazi wa kushoto na mjomba wa kulia. Acheni nafasi tupu kila upande, angalau sehemu ya kumi na mbili ya upana. A4 nayo si 3 kwa 2, inakata kidogo, na 5x7 pia.

Rangi: nileteeni JPEG ya sRGB, wigo wa rangi wa kawaida. Kamera iliyowekwa AdobeRGB inatoa chapa iliyopauka kwenye mashine za kawaida, na wengi hawajui kama waliiwasha.

Giza: malalamiko namba moja ni "picha imetoka nyeusi". Laptopu ilikuwa kwenye mwangaza wa mwisho wakati wa kuhariri. Kioo kinatoa mwanga, karatasi inaazima mwanga wa chumba. Shusha mwangaza wa kioo mpaka karatasi nyeupe iliyoshikwa pembeni yake chini ya taa ya chumbani ilingane nacho, ndipo uhariri. Angalia histogramu, usiangalie moyo wako. Na kabla ya kuchapa albamu nzima, chapa 4x6 tatu: moja ya ndani ya ukumbi, moja ya nje, moja yenye uso mweusi na gauni jeupe pamoja. Kama hizo zimekaa, zilizobaki zitakaa. Mwambie na mchapaji azime marekebisho ya mashine, la sivyo mashine itaona suti nyeusi na kuzipandisha zote.

Upepo wa Kiangazi

Vumbi, kwa sababu kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba mji huu ni upepo na udongo.

Kubadili lenzi uwanjani Nzuguni au nje ya kanisa lenye barabara ya vumbi ni kosa la kizembe. Zima kamera, ingia ndani ya gari na vioo vifungwe, mdomo wa bodi uangalie chini, lenzi ya pili iwe imeshalegezwa kifuniko cha nyuma. Ukiwa na bodi mbili huhitaji hata hivyo, lakini najua tunaongea na watu wa bodi moja. Kwa hao, 17-50mm f/2.8 ibaki mbele siku nzima na 50mm ingojee ukumbini. Zumu zinazorefuka zinavuta hewa kila ukizungusha, na hewa ya kwetu unaijua.

Lenzi ikijaa udongo usifute kwanza. Chembe zile ni mchanga, ukizisugua kikavu zinachora rangi ya kinga. Pampu ya mpira kwanza, brashi laini, pumzi kidogo, kitambaa mwisho.

Sensa: betri iwe imejaa, chagua kusafisha kwa mkono kwenye menyu ili kioo cha ndani kilicho mbele ya sensa kiinuke, kamera iangalie chini, pampu ya mpira mara kumi bila ncha kuingia ndani ya mdomo wa bodi. Piga tena f/16 kwenye anga uone. Kikibaki kitu, fimbo za kusafishia za milimita 16, matone mawili ya dawa yake, pitisha mara moja kwenda, geuza upande, mara moja kurudi, tupa. Usirudie fimbo ile ile kwa kuionea huruma bei. Usipulize kwa mdomo, mate yakikauka ni magumu kutoa kuliko vumbi. Kopo la hewa la kusafishia kompyuta usilisogeze karibu, linatema kimiminika cha baridi.

Ukungu wa ndani ya lenzi, ule unaowasumbua wa Dar na Tanga, hapa ni nadra. Hiyo ndiyo faida yetu pekee.

Taa Pembeni

Ukumbini sasa.

Kumbi nyingi za hapa hazina dari la maana: ni bati juu sana, au vitambaa vya mapambo vya zambarau. Flashi ya kupiga juu haiwezi. Weka flashi mbili kwenye stendi, pembe mbili zinazotazamana za eneo la kuchezea, kimo mita 2.5 hadi 3, zikiangalia katikati. Anza na ISO 1600, f/4, 1/125, flashi nguvu 1/8. Ya juu ya kamera iwe 1/16 ya kujazia. Kwa 1/125 taa za mapambo bado zinaingia, ukumbi hauwi pango. Stendi ning'inizia dumu la maji la lita 5, watoto wanakimbia.

Kosa kubwa: mtu wa video na mpiga picha wa pili nao wana flashi za Godox kama zako, wote wako chaneli 1 kama ilivyotoka boksini. Flashi zako zinalipuka kwa triga (kiwashio cha mbali cha flashi) ya mwenzio, zinachoka, na ukibonyeza wewe haziko tayari. Badili chaneli na weka ID yako, flashi na triga zifanane, kisha omba mwenzio abonyeze uone kama zinaitika.

Mistari ya giza kwenye picha ni taa za LED. Umeme wetu ni wa Hz 50, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/100 au 1/50 inameza pepeso zima. Kwa shata ya kasi kuliko hapo, 80D na D7500 zina kipengele cha kusubiri kilele cha pepeso, kiwashe. D7200 haina kwa picha za kawaida. Lakini taa za jukwaani na za DJ zinapepesa kwa kasi nyingine kabisa na hicho kipengele hakizioni. Hapo jaribu 1/60, 1/100, 1/125 ukiangalia kioo, hakuna kanuni.

Mtoto wa Kibaigwa

RAW (faili ghafi la kamera) au JPEG? Maana kuna wanaosema RAW ni ulimbukeni.

Joho Jeusi

Mahafali ya mchana, mwanga mmoja, chapa jioni ile ile: JPEG. Sioni sababu ya RAW.

Taa Pembeni

Kwa turubai la bluu na JPEG utazika kazi. Harusi ni RAW.

Joho Jeusi

Kama flashi ilikuwa mwanga mkuu kama ulivyoeleza mwenyewe, RAW unaitaka ya nini?

Taa Pembeni

Kwa fremu ambazo flashi haikuwahi kuwaka. Zipo kila harusi, na kwa kawaida ni ile ya pete.

Fundi Shata

Pigeni zote mbili kwa pamoja, kadi ya 64GB inabeba kama 1,700 za 80D. Na hapo ndipo hatari ilipo, 80D na D7500 zina tundu moja tu la kadi. D7200 ina mawili, weka la pili liandike nakala, usiweke la kujaza likijaa la kwanza.

Kwa tundu moja, tumia kadi mbili au tatu za 32GB badala ya moja ya 128GB. Badilisha kwenye mapumziko ya asili: ibada ikiisha, maharusi wakitoka kwenye picha, kabla ya keki. Wakati watu wanakula, nakili kwenye laptopu na kwenye diski ya nje. Kadi isifutwe mpaka mafaili yawe sehemu mbili, na diski hizo mbili zisikae begi moja.

Kadi bandia ni nyingi. Mpya yoyote ijaribu na programu ya H2testw, inaandika mpaka mwisho na kusoma tena. Kadi iliyoandikwa 128 ndani ina 16 itakubali picha zako zote kwa upole halafu izile. Bodi hizi zote zinasoma kadi kwa kasi ya UHS-I, kwa hiyo kadi ya UHS-II yenye safu mbili za vidoti haitaongeza kasi ndani ya kamera. Ifomati ndani ya kamera. Ukifuta kwa bahati mbaya, toa kadi hapo hapo usipige hata fremu moja, programu ya PhotoRec inarudisha mengi kama hujaandika juu yake.

Mtumba Kona

Kwa wanaotaka kazi za warsha na mikutano, ambazo hapa tangu wizara zihamie ndizo zinazolipa katikati ya wiki: wateja hawa hawataki sanaa. Wanataka picha kumi kabla ya saa kumi na mbili jioni, zenye maelezo sahihi ya jina na cheo. Chukua orodha ya washiriki asubuhi kwa mratibu, na andika maelezo ndani ya faili lenyewe, si kwenye ujumbe wa simu utakaopotea.

Mzungumzaji piga kutoka pembeni, nyuzi 30 hadi 45, vinginevyo kipaza sauti kinamziba mdomo. Subiri amalize sentensi, macho yakiinuka kutoka kwenye karatasi. Projekta nyuma yake usiishindanishe na flashi, itafuta maandishi. Pandisha ISO hadi 1600 au 3200, sensa hizi zinavumilia, na shata iwe 1/100. Washa shata ya kimya. Picha ya pamoja ipigwe kabla ya chai ya saa nne, kwa sababu baada ya chakula mgeni rasmi hayupo.

Malipo: bila TIN, leseni ya biashara ya jiji na risiti ya EFD hulipwi, na taasisi za umma zinanunua kupitia NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni, kwa hiyo jisajili mapema kabla hujaitwa. Ada ya huduma inakatwa kodi ya zuio ya 5%. Iingize kwenye bei tangu mwanzo na dai cheti chake, ni kodi yako uliyolipa tayari. Droni ina vibali vyake TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na mji huu una majengo ambayo hata kwa kamera ya mkononi unauliza kwanza mlangoni.

Kwa watu binafsi, mkataba wa ukurasa mmoja useme kama utaweka picha zao Instagram au hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na inafanya kazi, na watoto wa kipaimara si matangazo yako.

Zabibu Chungu

Bei nitaigusa kwa njia moja tu, ya uchakavu, maana wengi hawaihesabu kabisa. Tuseme bodi imekugharimu milioni 2, ni mfano, na shata imekadiriwa 100,000. Harusi moja mapigo 1,500. Hizo ni harusi 66, yaani kila harusi inakula kama shilingi 30,000 ya bodi peke yake, kabla ya lenzi, flashi, betri, nauli ya Kondoa au Mpwapwa na siku mbili za kuhariri. Anayekaa na kidole kwenye kitufe akipiga 4,000 kwa harusi moja anajila mwenyewe, na uhariri ndio unaomuua kabisa.

Mtoto wa Kibaigwa

Betri za flashi mnatumia zipi, na picha za WhatsApp mnazitumaje zisiharibike?

Fundi Shata

AA za kuchaji za NiMH, 2000mAh au zaidi. Za dukani za kutupa zina volti kubwa kidogo lakini zinasita kutoa mkondo, flashi inachukua muda mrefu kujaa. Flashi ya Godox TT685 kwa seti moja nzima inatoa takriban mapigo 230 ya nguvu kamili, V860II yenye betri yake ya lithiamu takriban 650. Seti nne nne zifunge na mpira, zichaji pamoja na zitumie pamoja, moja dhaifu inazivuta zote. Ukipiga nguvu kamili mfululizo mara 30 hivi flashi inajilinda kwa joto na kupunguza kasi, kwa hiyo pandisha ISO badala ya nguvu. Na usiache begi kwenye buti ya gari mchana.

WhatsApp: tuma kama hati, usitume kama picha. Ukituma kama picha kwa ubora wa kawaida inashushwa mpaka pikseli 1600 hivi upande mrefu, na mteja atampelekea Karatasi Ngumu hiyo hiyo achape 20x30.

Karatasi Ngumu

Juzi, jana na leo.